Pua ya Nakimuli, Sifa Zangu

Bi Masouda, nimemdhulumu mtu, nnaanza na hilo kabla sijajitetea. Mie mwanamme wa miaka hamsini na tatu, nyumba Ghubra, hapa Maskati, kazi Mawaleh kwenye ghala la matunda, nnasimamia vyumba vya kuvundikia ndizi. Zinakuja mbichi, tunazifungia na gesi ya kuziivisha, halafu lazima mtu aingie anuse aseme chumba hiki leo, hiki kesho, ukichelewa siku moja unauza uji. Sasa mwaka ule wa korona niliugua nikapona lakini harufu haikurudi, na sikumwambia mtu, nikawa nnaingia mle, mvuke mweupe umenizunguka, ndizi zinageuka rangi polepole kama kunapambazuka, na mie sisikii kitu, kama mtu anayekula ndotoni.

Yupo Nakimuli, Mganda, ameletwa kufanya usafi. Kwao wanalima ndizi, na Kiswahili kakipata Nairobi. Siku moja anapiga deki akaniambia, "Mjomba, cha tatu usifungue, bado kinanuka majani." Nikamsikiliza, ikawa kweli. Toka hapo, miaka mitatu, yeye ananusa, mie nnasema. Mzee Khattab, mwenye ghala, akifurahi ananishika pua mbele ya watu, "Hii tuikatie bima!" na Nakimuli anacheka na ndoo yake.

Mwezi uliopita akaniomba nimpeleke kwa mzee, maana mzee ni Kiarabu tu na yeye Kiarabu chake ni cha kuagizwa maji. Vinafunguliwa vyumba vipya Mabela, anatafutwa msimamizi. Nikampeleka. Akasimama kavaa gauni lake la kanisani, akasema vizuri kwa Kiswahili: vyumba anavijua, ndizi anazijua, anaomba ajaribiwe Mabela. Mzee akanigeukia, "Anasemaje?" Nikasema, "Anashukuru kwa kazi, anaomba mifagio mipya." Mzee akacheka, haya, apewe. Tulipotoka Nakimuli akanishika mkono, "Asante Mjomba kwa kunisemea. Amecheka, eh? Hiyo ni dalili nzuri."

Mifagio imekuja, minne, na yeye bado anangoja jibu, kila asubuhi ananiangalia usoni. Mzee anachagua mtu wiki ijayo. Nikisema kweli sina pua, sina kazi, na nna watoto wawili chuo. Nifanyeje?

Mwenye haya, Ghubra

*

Wewe baba, pole kwa kupotewa na harufu. Hayo maradhi, si aibu. Lakini ulimi wako haukuugua! Mtoto wa watu kakuita Mjomba, kakukabidhi maneno yake uyafikishe, wewe umeyageuza mifagio. Wazee wetu walipotoka pwani ya Waswahili wakafika Maskati miaka ya sabini, wangapi Kiarabu hawana, wakasemewa na watu maofisini, wakapata kazi, wakatusomesha? Wangesemewa kama ulivyomsemea huyu, mie na wewe leo tungekuwa wapi? Au kwa kuwa ni Mganda, mweusi kukupita, na kaja kufagia, ukaona ajue nini zaidi? Wangapi wanawake kama yeye wameingia makazini na ufagio wakatoka na ufagio, ujuzi wao umevaliwa na wengine!

Usende kumlilia pembeni akaishia kukubembeleza wewe. Ingieni kwa Khattab pamoja, kabla mtu hajachaguliwa. Kila neno liseme kwa Kiarabu, kisha lirudie kwa Kiswahili asikie mwenyewe. Na la pua pia. Halafu omba ajaribiwe, mzee akiwa palepale mlangoni anaangalia. Akiweza, kadi yake ya kazi ibadilishwe, isiandikwe tena mfanya usafi. Kazi yako? Huenda ikaenda, sikudanganyi. Lakini hiyo ya Mabela umemnyang'anya yeye kwanza. Nipe siku, na usiniambie inshaallah ya kunizuga.

Bi Masouda

*

Bi Masouda, Jumapili hii, saa mbili asubuhi. Nimeshampigia mzee nikamwambia tunakuja wawili, mie na Nakimuli, na atakayekaa kwenye kiti ni yeye. Mie ntasimama, niseme yote, kwa lugha zote mbili.