Jani Nililolipeleka Mimi

Manka mjukuu wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Uru tu wazima. Ng'ombe amezaa dume tena, na babu yako amenuna kana kwamba nimezaa mimi.

Unauliza kwa nini yule mwalimu wa kwenye riwaya mnayosoma shuleni alimrudia bwana aliyemdanganya, tena bwana mwenyewe akiwa amepofuka. Nitajuaje, na mimi nilifanya hivyohivyo?

Nilikuwa nakaa kwa babu yako, nikiwafundisha kusoma watoto wa marehemu dada yake. Akanichumbia, kumbe ana mchumba mwingine Kahe. Nikarudi kwetu Mwika. Ilikuwa miaka ile mitumba imeanza kujaa sokoni. Baadaye nikasikia dawa ya kupulizia kahawa imempofusha, na yule mchumba ameondoka.

Unajua kwetu mkosaji ndiye anayeleta jani la isale kuomba msamaha. Nililisubiri, halikuja. Asubuhi moja nikachuma la kwetu pale mpakani mwa shamba, nikapanda nalo Uru. Nilimsalimu, nikaliweka mkononi mwake.

Akalipapasa kwa muda mrefu. "Mwalimu, mkosaji si mimi?"

"Ni wewe."

"Sasa mbona umelileta wewe?"

Nikaingia jikoni kuwasha moto, na sijatoka hadi leo.

Jana nilimuuliza ni nani aliyesamehewa siku ile. Akasema miaka yote alidhani ninajua mimi. Basi mwalimu wenu wa darasani akiwapa jibu, tuandikie wote wawili.

Bibi yako