Fumbo Namba Kumi na Saba

3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na shemeji hajambo. Sisi huku wazima, binti yako amepona kikohozi.

Jarida limefika juzi. Nimesoma hukumu yako ya shindano: "Namba kumi na saba si kazi mpya. Fumbo hili nililiona zamani, kete kwa kete. Linaondolewa."

Kaka, kumi na saba ni mimi. Najua mhariri huwapa waamuzi michoro yenye namba tu, kwa hiyo hukujua. Lakini matokeo yametoka na majina, na watungaji wote wa mafumbo ya sataranji wanaosoma jarida hili wameyaona. Muuza vitabu wa hapa ni mmoja wao. Jana alinirudishia chenji bila kunitazama usoni.

Niambie uliliona wapi. Tafuta mpaka upate.

Mdogo wako

15 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linanitangazia mvua kabla ya redio. Mpe pole binti yangu.

Jina lako nimeliona jarida lilipotoka, kama wewe. Sikujua, haki ya Mungu. Lakini kuliona nililiona: mfalme mweusi kabanwa pembeni, farasi wawili weupe wamepeana migongo, askari mmoja kabaki peke yake katikati, na kwa hatua tatu mfalme kwisha habari yake. Unajua kichwa changu. Si bure wenzetu wananiita Kabati.

Desturi inamtaka mwamuzi ataje mwaka na ukurasa. Sikutaja, nilijiamini, na mhariri hakuuliza. Nani amuulize Kabati? Sasa nimeshusha majarida yote, sebuleni hakupitiki, shemeji yako ananiambia nihamishie na kitanda humo.

Nikikosa, basi tulimalize kimyakimya, kifamilia. Hakuna haja ya kuwapa watu cha kusema.

Kaka yako

1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima.

Kimyakimya sitaki. Umeniita mwizi ukurasa wa sita, nisafishe ukurasa wa sita. Fumbo lile nililitunga hospitalini, mama watoto akinishikia ubao juu ya blanketi. Lina maneno "Kwa marehemu mke wangu", nayo yamechapwa pamoja na hukumu yako. Sasa jina lake limekaa juu ya kitu cha wizi.

Endelea kutafuta.

Mdogo wako

20 Mei

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Mimi mzima wa mwili tu.

Nimechelewa, na si kwa sababu ya goti. Nililipata tangu tarehe kumi Machi. Miezi miwili na zaidi kila nikishika kalamu naona haya.

Halikuwa kwenye jarida lolote. Lilikuwa kwenye boksi la viatu ninamowekea kadi zetu, zile zenye ubao uliochapwa mbele na nafasi ya kuandika nyuma. Mwandiko wako, tarehe ya miaka tisa iliyopita. Nakumbuka siku ilipofika. Nilipanga kete mezani, nikalifumbua, nikacheka peke yangu kwa raha, nikaitupia kadi kwenye boksi. Sikuigeuza.

Nimeigeuza mwaka huu. Umeandika: "Kaka, shemeji yako amelazwa, na daktari hafichi kitu. Anataka kukuona. Mchoro ni wa kumchangamsha tu yeye. Njoo."

Nilikuja baada ya wiki tatu, kuzika. Na pale msibani, mbele za watu, nilikugombeza kwa nini hukuniambia. Ukainama, hukujibu. Nikarudi nyumbani nikiwa nimekununia.

Kete zote nilizikumbuka zilipokaa. Aliyekuwa ananiita sikumkumbuka, kwa sababu sikumsoma. Nimekosa, mdogo wangu. Nilikukosea wewe na nilimkosea yeye, na yeye simpati tena nimwombe msamaha.

Kwa mhariri nimeandika hivi: "Namba kumi na saba ni kazi halali ya mtungaji wake. Mwamuzi aliiona kwenye kadi aliyotumiwa na mtungaji huyohuyo, akamwita mwizi bila kuhakikisha. Mwamuzi anaacha kazi hii." Nimemwambia aweke ukurasa wa sita, herufi zilezile.

La nyuma ya kadi sijui nilipeleke wapi.

Kaka yako

2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Binti yako anakusalimu.

Jarida limefika. Muuza vitabu kaniletea mwenyewe hadi mlangoni, akasimama anavuta mkanda wa begi. Nikamkaribisha chai. La ubao limekwisha.

Hili lingine bado, na sitakudanganya. Nilipokuuliza uliliona wapi, nilikuwa najua. Sikuwahi kumwonyesha mtu mwingine. Miaka yote hii niliamini uliisoma kadi ukaona safari ni ndefu, ndiyo maana msibani nilinyamaza, nisikuaibishe. Halafu nikasoma hukumu yako, nikajiuliza: mtu anayekumbuka mchoro hivi, maneno yake aliyapeleka wapi? Nilitaka uigeuze mwenyewe. Sasa najua hukuisoma. Sijui kama hiyo ni nafuu. Bado naipima.

Nimekuandikia kwenye kadi kama zamani, herufi ndogondogo zienee. Upande wa mbele nimeuacha ubao mtupu makusudi, usije ukaishia huko.

Njoo.

Mdogo wako