Muda wa Ha-ram Kufunga Kiatu

Mtaa wa Naun,
Gunsan.
30 Mei 2020

Mpendwa Mama Mdogo Myeong-ok,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Na Baba Mdogo, kikohozi kimemwacha? Kila jioni taarifa ya habari ikitaja São Paulo, Mama huweka kijiko chini na kuisogelea televisheni, kana kwamba ataiona nyumba yenu. Tafadhali msifungue duka mapema kwa kuwaonea wateja huruma. Nguo hazina haraka.

Sisi tu wazima. Mama amekusagia pilipili ya shambani kwa Bibi, lakini posta wanapokea barua tu, vifurushi vya kwenda huko kwenu bado. Mfuko umekaa mlangoni tangu Machi na nyumba nzima tunapiga chafya. Siku hizi ukipiga chafya njiani watu wanavuka barabara, kwa hiyo tunazimalizia zote ndani.

Uliuliza kama bado nina kazi. Ninayo, na nimekuwa nikiiogopa. Shule yetu ya chekechea ilifungwa tangu Februari, na karani ni mimi peke yangu. Tarehe ya kufungua ilipoahirishwa, na iliahirishwa mara nyingi, mimi ndiye niliyewapigia simu madereva wa mabasi yetu matatu: wiki mbili tena, samahani, wiki mbili tena. Wasipoendesha hawalipwi. Niliziogopa simu zile kuliko ugonjwa wenyewe.

Wiki mbili zilizopita Mwalimu Mkuu, Bi. Do, aliniita. Hatimaye tungefungua tarehe 27, lakini wazazi wengi walisema watawaleta watoto wenyewe, kwa hiyo mabasi mawili yangetosha. "Niandikie majina mawili," alisema. "Ijumaa niyaone mezani."

Mimi, mwenye miaka ishirini na minne, nichague nani arudi kazini! Madereva wawili ni vijana wenye watoto wadogo. Wa tatu, Mzee Pyo, ana miaka sitini na sita. Kwenye karatasi jambo lilikuwa jepesi. Niliandika majina mawili, na lake halikuwamo.

Lakini huyu Mzee Pyo, Mama Mdogo, alikuwa akija kila siku ya kazi, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi, miezi yote ile ya kufungwa. Aligonga dirisha la ofisi. "Binti, naomba funguo. Injini isilale." Nilimpa bila kutoka nje. Nilidhani anatunza betri tu. Hata mwenzake Bong-tae, mmoja wa wale madereva vijana, ambaye siku hizi anasambaza vifurushi, alikuwa akipita na gari lake kumtania.

"Mzee! Leo umebeba abiria wangapi?"

"Ishirini na wawili. Wewe?"

"Maboksi mia mbili, na hakuna hata moja lililonisalimia!"

Siku moja kabla ya Ijumaa ile niliingia ndani ya basi lake kupiga picha za viti kwa ajili ya ripoti ya usafi. Injini ilikuwa inanguruma, basi limesimama palepale uani. Mzee Pyo alikuwa ameshika usukani, akasema taratibu, "Jengo namba 103." Akafungua mlango. Akangoja. "Ye-rang, panda. Begi hilo, usimgonge mwenzio." Akafunga. Baadaye: "Duka la dawa." Akafungua tena, na safari hii akangoja mno.

"Mzee, mbona hapa unakawia?"

"Ha-ram. Bibi yake lazima amfunge kamba za viatu. Mimi nikiondoa mguu kwenye breki, bibi huyo anaanguka."

Nilikaa kwenye kiti, simu mkononi, sikupiga picha hata moja. Kila mtoto alikuwa na muda wake, na mzee huyu alikuwa ameutunza wote kichwani, bila kuupunguza wala kuuchanganya, kwa miezi mitatu.

Alipozima injini akatembea hadi nyuma. Unajua sheria yetu: dereva asipokwenda kiti cha mwisho kubonyeza kitufe, king'ora kinalia mtaa mzima, ili asisahaulike mtoto aliyelala. Yeye aliinama chini ya kila kiti kwanza.

"Lakini hamna mtu, Mzee," nikasema.

"Umejuaje?"

"Si tunaona?"

"Umeona ukiwa mbele. Mtoto hulala nyuma."

Akabonyeza. Nilirudi ofisini nikaongeza jina la tatu.

"Nilisema mawili," Bi. Do aliniambia Ijumaa.

"Ndiyo, Mwalimu Mkuu."

"Haya ni matatu."

Nikasema tu, "Naomba uje uani, dakika ishirini." Sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Alikuja. Alikaa kwenye basi lile miwani ikiwa puani, Mzee Pyo akamwinamia kwa heshima, kisha akaendelea na kazi yake. Tulipofika kituo cha nne, ndani ya basi lisilosogea, Bi. Do akamkatiza.

"Kina Ji-an wamehamia Daejeon tangu Machi. Mbona bado unasimama kwake?"

"Namuaga tu, Mwalimu Mkuu. Aliondoka bila kuagwa."

Bi. Do alivua miwani akaifuta muda mrefu.

Jumatatu alinipa barua ya kumpa Mzee Pyo: atarudi hadi mwisho wa Julai, na watoto wakipungua, yeye ndiye atakayeondoka kwanza. Si ahadi kubwa, lakini nilikimbia nayo. Nilipofika mlangoni mwa basi alininyooshea kiganja.

"Subiri kidogo, binti. Ha-ram anafungwa viatu."

Basi nikasimama, Mama Mdogo. Nilikuwa nimeshika riziki ya mzee huyu mkononi, yeye akinisimamisha kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo, na mimi sikuthubutu hata kupumua kwa nguvu. Alipokwisha kubonyeza kitufe cha nyuma ndipo akaipokea barua kwa mikono miwili.

Jumatano tulifungua. Nilipanda naye kama mhudumu, na kipimajoto. Watoto wamerefuka, na barakoa zimewaficha nyuso. Mimi sikumtambua hata mmoja, yeye aliwajua wote kwa mwendo wao. Kwenye duka la dawa alifungua mlango, akakanyaga breki, akakaa tayari kungoja.

Ha-ram akapanda moja kwa moja, akaketi. Kamba zilikuwa zimefungwa, fundo kubwa la ovyo.

"Nimefunga mwenyewe!" akasema.

Bibi yake alibaki kando ya njia, mikono haina kazi. Mzee Pyo naye hakufunga mlango. Alikaa vilevile, mguu kwenye breki, mpaka muda wa Ha-ram ulipokwisha wote, ndipo akaondoa basi.

Nisalimie Baba Mdogo, na mwanenu Yun-seul mwambie mbwa wake niliyeachiwa amenenepa. Mama na Bibi wanakusalimu sana. Mungu awafunike huko mliko, na awasubiri bila haraka popote mtakapochelewa.

Ni mimi mwanao nikupendaye siku zote,
Da-hye