Taa Juu ya Mmung'unya

Jumatano, 12 Machi. Asubuhi ya mawingu, bila upepo.

Mume wangu,

Mama yako hajambo. Mmung'unya wetu unachanua kila jioni lakini hauzai, maana nondo wanaobeba chavua yake hawaji. Jana mama alichungulia uani akacheka.

"Mkwe, wote wamejazana kwenye taa yako! Maua yamejaa maji matamu, atayanywa nani?"

Taa hiyo naiwasha tangu wezi waruke ukuta wetu. Sikukuambia, ungeacha kazi.

"Izime, nitalala kwako," akasema.

Nikaizima, na nondo wakaingia mauani. Mama alikoroma, mimi nilisikiliza kila kishindo. Usiache kazi, ila ukipewa likizo, njoo. Usingizi ulinichukua saa tisa.

Mkeo