Taya la Baba

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, na paka wako amezaa tena.

Baba ameanza tiba ya pili, na daktari anasema hakuna ya tatu. Uvimbe ulio nyuma ya pua yake una oksijeni kidogo mno, na mionzi ya kwanza ilihitaji oksijeni ili iuue. Sasa wanaurushia chembe nzito, zinazovunja seli hata pasipo hewa. Baba alicheka: "Haupumui na haufi? Una kichwa kigumu kama kaka yako."

Siku ya kumfinyangia barakoa ya plastiki, ile ya kumshika kichwa kisicheze, nilikosea nikakutaja. Akauma meno, plastiki ikakauka hivyohivyo. Tangu hapo mtaalamu humwambia kila asubuhi, "Mzee, kaza taya kama siku ile." Baba anakufikiria wewe, barakoa inamkaa.

Jana haikumkaa. Walijaribu mara tatu.

"Nisameheni," Baba akasema. "Nimejaribu kumkasirikia, nimeshindwa."

Kesho wanamfinyangia nyingine. Hajaniambia nikuite. Ameuliza tu, kutoka huko kwako ni mwendo wa saa ngapi.

Mdogo wako