Baba na Bembea ya Kulalia

Jumapili, 2 Juni

Nimetoka na ndoo, nimemkuta Baba nje kwenye kiti, blanketi hadi puani. Shikamoo. Marahaba. Anadai amelala. Macho mekundu.

Tangu matope ya mlima yaifunike nyumba yetu ya Jorodom naye akiwa ndani, hakubali kulala chini ya bati. Tumehamia huku Getanuwas, tambarare, bado hakubali. Daktari ameonya: kifua hiki kikizidi kupigwa na upepo, ni nimonia. Naogopa. Naandika hapa kwa sababu mbele yake siwezi kusema.

Jana mnadani, kwenye rundo la mitumba, nilipata kitu cha ajabu. Nailoni ndefu, nyepesi, kamba kila mwisho. Muuzaji anasema ni ya kubebea ndama. Mimi fundi cherehani, nikageuza mishono. Imeshonwa kubeba mtu. Simu imethibitisha: bembea ya kulalia, ya watu wanaopiga kambi porini. Mzee hataki kitanda cha ndani, basi apate cha nje.

Jumatatu, 3 Juni

Baba ameifunga mwenyewe kwenye miti miwili ya mgrivea uani. Ujana wake aliumalizia kwenye kuwamba ngozi za ng'ombe, na hii nayo ameikaza vilevile, ukiigonga inalia. Nikamsifu, mjinga mimi. Alipoikalia tu, ikampindua. Mama Safari, jirani yetu, akakimbia kumwinua. Hakuumia. Amesema hiyo ni ya nyani, na hapandi tena.

Jumatano, 5 Juni

Nimejaribu mwenyewe mchana kutwa. Ikikazwa, inabana mabega na kukutupa. Nikailegeza mpaka ikaning'inia vizuri. Haipinduki tena! Ila mgongo unapinda kama ndizi.

Halafu, nikijigeuza kufukuza nzi, kichwa kikaenda kushoto na miguu kulia. Mgongo ukanyooka. Nikashuka, nikapanda tena. Kweli kabisa. Kitambaa kinavutika kimshazari, nakata magauni hivyo kila wiki. Sikuwahi kufikiria kukilalia. Nimetia na mto mdogo chini ya magoti. Raha.

Mama Safari ananiangalia toka kwake. Najua anachofikiri.

Ijumaa, 7 Juni

Kazi ilikuwa kumbembeleza. Jana alikubali, akalala kimshazari, mgongo haukumsumbua. Lakini kabla ya jogoo wa kwanza alikuwa amerudi kwenye kiti, anatetemeka. Mablanketi matatu juu yake! Anasema baridi inaingilia mgongoni. Sielewi.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelala humo mimi, yeye kitini. Ni kweli. Juu joto, chini barafu. Asubuhi nikapitisha mkono chini ya bembea: upepo mtupu. Na blanketi nililolilalia lilikuwa limebanwa, jembamba kama kanga. Likibanwa halina joto. Je, likining'inia nje, chini ya bembea, bila kulaliwa?

Jumapili, 9 Juni

Misa imenipita, Mungu anisamehe. Nimeshona mablanketi mawili makuukuu, katikati sufi ya mto wa zamani, nikayafunga yaning'inie chini. Nikapanda. Joto! Nimepiga kelele peke yangu.

Mama Safari kasema, "Hee! Bembea mmeivalisha koti, na mimi sina?"

Jumanne, 11 Juni

Vibaya. Jana ulivuma upepo wa Juni wenyewe, ukaliinua koti na kupita. Amekohoa mpaka asubuhi. Nimemfokea, baba yangu mzazi: ingia ndani, unataka nikuzike? Akavuta blanketi, akanigeuzia mgongo. Sijisikii vizuri hata kidogo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwomba radhi. Halafu nimemuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: kitandani unaogopa nini hasa? Nilidhani atasema bati. Akasema, "Kwenye yale matope sikujua juu ni wapi. Giza kila upande. Kitandani nikifumba macho, inarudi vilevile. Bembea hii inanesanesa, mama. Najua chini ni wapi."

Nimelia jikoni. Kumbe muda wote huu tatizo halikuwa nyumba, ni kitanda! Nikarudi kumuuliza: na tukiifunga sebuleni? Akaitazama boriti. "Mlango ubaki wazi," akasema.

Ijumaa, 14 Juni

Fundi amefunga kulabu za chuma kwenye boriti mbili. Nimepanda kwanza mimi, nikajirusharusha, boriti hazikulalamika. Nimeilegeza, koti chini, mto wa magoti. Baba amekaa mlangoni ananitazama. Sijui kama atathubutu.

Jumapili, 16 Juni

Juzi alikaa humo tu, miguu chini. Jana aliinua miguu.

Sasa jua limeshapanda. Mlango umewekewa jiwe usijifunge, upepo unaingia kidogo. Amelala kimshazari, mdomo wazi, anakoroma. Kikohozi kipo, lakini hakimwamshi.

Mama Safari amepita kuchukua gauni lake. Nimemwonyesha kidole mdomoni. Amechungulia, ameondoka kwa kunyata.

Cherehani yangu iko hapa hapa sebuleni, na ina kelele. Gauni litasubiri.