Chai Baridi ya Baba Mwende Siku ya Ntheo

Mpendwa Baba Mwende,

Mwanao ameolewa. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu azunguke mbuyu. Jumamosi iliyopita tulifanya ntheo hapa nyumbani Kangundo, ile siku ya mbuzi ambayo ikishapita msichana si wetu peke yetu tena. Watu wa Makueni walikuja na mbuzi wao, ndugu zako wakawakagua mbuzi mmoja mmoja wakitafuta kasoro, wakaikosa, nawe hukuwepo kuwatania. Nimekukumbuka mpaka nikakukasirikia. Nimekaa hapa kibarazani nikuandikie, pengine hasira itaisha.

Jambo lenyewe lilikuwa chai.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipa ile chai yako? Tulikuwa tumetoka kuchuma kahawa kwa mama yako, mimi bado mchumba, jua limetuchapa vilivyo. Niliingia jikoni nikitegemea kikombe cha chai ya maziwa kama kila mtu mwenye akili zake. Wewe ukanipa glasi ya chai ya rangi, baridi, kipande cha limau kikielea juu. Nikajua nimefukuzwa. Kwetu chai baridi anapewa mgeni anayetakiwa aende zake, na isiyo na maziwa ni ya wakati ng'ombe amekauka. Niliweka glasi chini nikaanza kutafuta mkoba wangu. Ukacheka hadi ukaegemea mlango.

"Onja kwanza, halafu uende," uliniambia.

Nikaonja. Sikwenda.

Kazi hiyo ulifunzwa kwenye jiko la hoteli mjini Machakos, na kila ulipokuja likizo ulilikalia jiko langu utadhani umelinunua. Ndugu zako walipita dirishani wakikuuliza kama utasuka na nywele. Wewe macho kwenye sufuria. Maji yalikuwa lazima yatokote kwelikweli, si kupata moto tu. Majani yakiingia unafunika, unachuja kabla hayajawa machungu, unatia sukari chai ikiwa bado moto. Halafu linafuata lile lililonishangaza kuliko yote: haraka. Mtu ambaye hakuwahi kuharakishia hata ibada, ulikuwa unakimbia na sufuria kuitia kwenye karai la maji ya kisima, unakoroga, unabadilisha maji ya karai yakipata joto, na ole wake atakayeruhusu tone la maji hayo kuingia ndani. Chai vuguvugu hukuiamini hata kidogo. "Hapo kwa vuguvugu ndipo wadudu wanafanyia harusi," ulikuwa ukisema. Ikishapoa unaigawa kwenye majagi madogo yenye vifuniko, yaliyosuuzwa kwa maji moto, ndipo yaingie kwenye friji. Sufuria kubwa hukuiingiza nzima, ulisema katikati yake hukaa na joto mpaka asubuhi. Na kesho yake jioni, kilichobaki ulikimwaga. Nililalamika sana kwamba unamwaga sukari yangu, nawe ukamwaga huku ukiniangalia.

Mara moja tu chai yako ilitutia aibu, na haikuwa makosa yako. Ilikuwa ubatizo wa Mwende. Dada yako Syombua, kwa moyo wake mzuri, aligandisha maji ya tangi akaleta barafu mifuko mizima, nasi tukaitia kwenye majagi bila kuuliza. Chai ilikuwa imechemka, barafu haikuchemka. Nusu ya kwaya ililala ikipishana kwenye njia ya choo. Kwa muda mrefu mtu akiuliza njia ya kwetu anaelekezwa "kwa wale wa chai ya choo", na wewe hukumtaja dada yako kwa mtu yeyote. Uliongeza tu sheria moja: barafu ya nyumba hii ni ya maji yaliyochemshwa, na unaigandisha mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mwende alikuwa bado anavaa yunifomu ulipotuacha. Leo anafanya kazi ofisini na amepanga nyumba kule Syokimau. Tulipoanza kupanga ntheo alinipigia simu.

"Mama, mimi sitaki keki, sitaki tenti ya maua," aliniambia. "Nataka ile chai ya baba. Wageni wakunywe, nijue hata yeye amekuwepo."

Nilimwambia ataipata, nami huwa siahidi ovyo.

Alikuja Ijumaa tukaipika pamoja. Nilikuwa namtajia, yeye anafanya, na kila mara nilijisikia nikisema kwa sauti yako, hata lile neno la harusi ya wadudu. Alicheka sana. Tulijaza friji letu na la jirani, barafu tukaigandisha kwa maji yaliyochemka, tukaenda kulala tukiwa na furaha ambayo nyumba hii ilikuwa imeisahau.

Mvua ikaja na radi, na stima ikapotea. Nilipofungua friji asubuhi barafu ilikuwa maji, na majagi yalikuwa vuguvugu. Kwa jirani ilikuwa vilevile. Nilionja. Baba Mwende, chai ilikuwa tamu! Hiyo ndiyo shida yake, ikiharibika haipigi nduru. Syombua alikuja akainusa.

"Aiya, mwaitu, mama wee! Si inanukia vizuri?" alisema. "Tuichemshe mara ya pili na tunyamaze. Wageni wako Machakos tayari."

"Kuna uchafu mwingine moto hautoi," nilimwambia. "Ndugu yako alisema."

"Ndugu yangu hayuko."

Kweli, hukuwa. Mwende alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia, na macho yake yalikuwa yananiomba. Nilijua anachoomba. Niliwaza mzee wa watu akiumwa tumbo njiani kurudi Makueni, siku ya mbuzi wake. Niliwaza pia kwamba pengine hakuna kitu kingetokea. Nikabeba jagi la kwanza hadi kwenye migomba nikamwaga. Nikarudi kuchukua la pili.

"Mama, huyo ni baba unamwaga," Mwende alisema.

Hapo ndipo nilipokukasirikia. Uliniachia sheria zako zote, hukuniachia moyo wako wa kuzisimamia. Wewe ulikuwa ukimwaga huku unapiga mluzi. Mimi nilimwaga huku mtoto wangu analia siku yake, na wifi yangu ananiita mtu wa roho ngumu. Nilimwaga yote.

Niliporudi jikoni nilikuta sufuria imeoshwa iko kwenye moto wa kuni. Mwende alikuwa amejifunga leso juu ya nguo yake ya ntheo, anachochea, kamasi na machozi vyote pamoja. Sikumtajia chochote. Maji yalipotokota alitia majani akafunika. Akachuja, akatia sukari, kisha akainua ile sufuria akakimbia nayo kwenye karai. Alikimbia vile ulivyokuwa ukikimbia, mabega juu, hamtazami mtu. Syombua alisahau hasira zake akawa anachota maji ya kubadilisha karai.

Barafu hatukuwa nayo. Chai ilipoa kiasi cha kisima, si zaidi, na limau tulilikamua wageni wakiwa wamekwisha kukaa. Kwanza tuliwapa chai ya maziwa, moto, ili asije mzee akadhani anafukuzwa kama mimi wakati ule. Baada ya nyama ndipo Mwende akapita na majagi. Baba ya kijana anayemwoa ni mtu mrefu, mkimya, wa kutisha kidogo. Alionja, akatazama glasi, akamaliza. Akaomba nyingine.

Halafu akasema, mbele ya watu wote, "Msichana wangu, nifungie jagi moja nimbebee mama ya huyu kijana. Magoti yamemshika, hakuweza kuja."

Unajua siku hiyo ilivyo. Mzee aliyeleta mbuzi haombi kitu mara mbili. Nilijua lazima ajaziwe, nami tayari nilikuwa natafuta kifuniko.

"Samahani, baba," Mwende alisema. Aliinama kidogo kwa heshima, lakini sauti haikuinama. "Hiyo siwezi kukupatia. Safari ni ndefu na jua ni kali, itafika kama imeharibika na mama ni mgonjwa."

Ndugu zako walitazama viatu vyao. Syombua alinifinya mkono mpaka leo pana alama. Yule mzee alimwangalia tu.

"Lakini nitakuja kwenu," Mwende akasema. "Nitampikia huko huko, kwa jiko yake, akunywe ikiwa freshi."

Wanawake wa Makueni wakaruka na vigelegele. Mzee aliinuka akampa mkono, akicheka na meno yote. "Mmesikia wenyewe," akawaambia wazee wetu. "Sijamlazimisha."

Nami nilipiga vigelegele, Baba Mwende, kuliko wote. Nilikuwa katikati ya kupiga ndipo maneno yenyewe yakanifikia: nitakuja kwenu. Kwenu ni huko. Wewe uliondoka bila kuniaga, yeye ameniaga mbele ya watu wote, na chai yako ndiyo aliyoagia. Niliingia jikoni nikawalilia wote wawili pamoja. Nadhani hasira imeisha, au nimechoka tu.

Pumzika, mume wangu. Mbuzi wako salama, Syombua anakusalimu. Chumba cha Mwende sijakifagia bado.

Ni mimi mkeo,
Mama Mwende